Mbwa Aliyeachwa Garini Msibani

Halafu mtu ananiambia eti Shomari hana adabu! Adabu ipi? Mtu mzima kabisa, ana kitambi na miwani, anasimama kijiweni kwetu bodaboda pale Tegeta anasema, "Kijana wa watu kavunja kioo msibani mbele ya wafiwa. Vijana wa siku hizi, bwana!" Tangu siku ile ni kioo tu. Kioo hivi, kioo vile. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ndani ya gari kulikuwa na nini. Nimegombana na abiria, nimegombana na muuza supu, nimegombana na shemeji yangu ambaye hata gari hana. Sasa naandika, maana nikiongea nakunja ngumi.

Shomari namjua vizuri. Tunakaa nyumba moja ya kupanga, chumba chake na changu vinagawana ukuta na panya. Ni Mzaramo wa Kunduchi, mama yake anakaanga samaki kule pwani mpaka leo. Mwembamba kama fagio, anaongea taratibu, hatukani mtu. Mie namtukania.

Kazi yake ni ulinzi, ila sio ule wa kukaa getini na kirungu unasikiliza redio. Yeye ni mtu wa mbwa. Kampuni yao ina mbwa wa lindo. Jioni mbwa na mtu wake wanapelekwa kwenye godauni huko Kunduchi, wanakesha, asubuhi gari linawachukua, mbwa anarudishwa bandani kulala, mtu anarudi kwake. Ndio kazi.

Unataka kujua aliingiaje? Siku walipoajiriwa walipangwa mstari, wakaulizwa nani anataka kitengo cha mbwa, apige hatua mbele. Waislamu wakarudi nyuma kwa sababu ya najisi. Wakristo wakarudi nyuma zaidi kwa sababu ya woga. Shomari akabaki mbele peke yake. Sio ushujaa. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Aliponyanyuka akakuta anapigiwa makofi.

Mama yake alilia kama mtoto kahukumiwa jela. Ikapita muda mrefu anamwekea chakula mwisho wa mkeka, anakisukuma kwa mwiko. Na mwenye nyumba wetu, Bi Salma, ndio usiseme. Shomari akirudi kazini anakuta bibi keshakaa mlangoni kama afisa forodha.

"Shomari! Hilo jitu lako limekugusa wapi leo?"

"Shikamoo, mama. Mkononi tu."

"Mkononi tu, na hayo manyoya kwenye suruali yamekuja kwa basi? Nenda ukaoge. Mara saba, na moja ya udongo, nitahesabu vikombe vya maji mie!"

Na kweli alikuwa anahesabu. Bafuni kwetu kulikuwa na kopo la udongo msafi wa Shomari. Mie nilipohamia nikadhani kuna mtu anaotesha mchicha.

Yote hayo kwa ajili ya Chuma. Chuma ndio mbwa mwenyewe. Jibwa lile la Kijerumani, mgongo mweusi, manyoya mazito utadhani limejiandaa kwenda kuishi kwenye baridi ya Makete. Sikio moja limesimama, jingine limechoka. Wezi wa Kunduchi walikuwa wanamsalimia kwa mbali. Ila huyo huyo simba wa lindo alikuwa anaogopa mwavuli. Ukifungua mwavuli tu, anajificha nyuma ya miguu ya Shomari, mkia chini, halafu anageuza uso pembeni kama vile sio yeye.

Nilishamuuliza Shomari, "Oya, we unampenda yule mbwa eh?"

Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Mbwa anapendwaje? Ni mfanyakazi mwenzangu."

Sawa, mfanyakazi mwenzako. Sasa mbona mfanyakazi mwenzako anapikiwa ugali na dagaa waliochambuliwa, na wewe unashindia andazi? Mbona usiku wa mvua unampa nusu ya koti? Kule lindoni Chuma alikuwa analaza kidevu juu ya buti la Shomari, na Shomari hasogezi mguu hata ukifa ganzi. Nimemkuta hivyo mwenyewe nilipomfuata asubuhi moja. Nikacheka, akaniambia, "Kelele, ndio kwanza amepumzika."

Haya. Sasa tuje kwa Deogratias.

Deogratias ndio msimamizi wao. Wao wanamwita Afande Deo. Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa kwaya, hana roho mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa na roho mbaya ningelala. Ila anaogopa mbwa. Miaka yote anasimamia mbwa, hajawahi kumshika hata mmoja. Ni sawa na mie niwe mkuu wa bodaboda halafu naogopa pikipiki. Kwa hiyo alikuwa na sheria yake: mbwa akipanda gari bila mtu wake, lazima avalishwe kile kikapu cha mdomoni, cha ngozi, kinachobana asing'ate. Kinabana kweli. Mbwa anaweza kuvuta pumzi kwa pua, ila kufungua domo na kutoa ulimi nje hawezi.

Siku yenyewe ilikuwa Februari. Jua la Februari la Dar mnalijua, sina haja ya kulisifia. Ile pikapu yao yenye tundu la mbwa nyuma, lenye nondo na hewa inapita, ilikuwa kwa fundi. Afande Deo akaja godauni asubuhi na kigari cha ofisi. Cheusi. Kirefu nyuma. Vioo vya tinti, ukisogea unajiona wewe tu. Na siti zote zimejaa kreti za soda na mfuko wa mchele, maana kwa ndugu zake Madale kulikuwa na msiba, mzee wao mmoja amefariki.

Nilikuwepo. Ndio naingia pale kumchukua abiria mwingine. Nikasikia Shomari anasema, "Afande, mie nakaa wapi?"

"We panda boda. Huyu si Allen hapa? Tutakutana bandani."

"Basi nimvue kikapu."

"Umvue ili iweje? Mie niko mbele naendesha, yeye yuko nyuma, kisogo changu kinamuangalia! Hapana, bwana."

"Kakesha, Afande. Hajanywa maji. Utanyoosha moja kwa moja?"

"Nanyoosha. Nashusha mbwa, ndio niende msibani. Unanifundisha kazi?"

Shomari akampandisha Chuma nyuma, akamfunga kikapu yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Akampiga piga mbavuni, akafunga mlango. Sikioni kwangu akasema, "Allen, twende haraka, nataka nimkute bandani bado ana usingizi."

Sasa banda liko mbele ya Madale, na msiba uko njiani, huku chini kidogo. Unaona inavyoenda? Mtu na kreti zake za soda anapita mbele ya msiba wa ukoo wake. Turubai limefungwa, shangazi yuko barabarani anampungia mkono. Akasema ngoja nishushe soda tu. Nashuka, nasema pole, natoka.

We Mtanzania mwenzangu, uliona wapi mtu kaingia msibani akasema pole akatoka? Unaingia, unavua viatu, unashikana mikono na kila mjomba, unapewa kiti. Ukipewa kiti umekwisha. Ukiwa na kiti unaletewa maji ya kunawa, na ukishanawa unaletewa sahani, na ukiacha sahani wewe ndio unakuwa habari ya msiba badala ya marehemu. Hakuna "mara moja" msibani. Haijawahi kuwepo.

Na huo ndio upande mdogo. Upande mkubwa ni watani.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa tangu na tangu. Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo anakuja kumchokoza, na ni ruhusa. Analala mlangoni asipitishe jeneza. Anaficha sepetu. Anavaa kofia ya marehemu anakohoa kama marehemu. Na Mnyamwezi haruhusiwi kununa! Ukinuna umejidhalilisha wewe na ukoo wako. Unacheka, unatoa chochote kitu, mambo yanaendelea.

Pale Madale kiongozi wa watani alikuwa Bi Tunu, jirani yao, mama wa makamo, mnene, sauti kama spika ya singeli. Deo kafika tu na kreti la kwanza, Bi Tunu kalala chini kwenye geti.

"Huyu Mnyamwezi kaja kulia au kaja kula? Ona shati limenyooshwa! Hupiti!"

Deo akacheka. "Mtani, niache nishushe soda."

"Soda tutashusha sie. Wewe lete funguo za gari. Umechelewa kuzika, gari limetaifishwa!"

Akampokonya funguo, akazifunga kwenye pindo la khanga, watu wakapiga vigelegele. Vijana wakashusha kreti na mchele kutoka kwenye siti, wakabamiza milango, gari likajifunga. Nyuma hakuna aliyetazama. Mbwa mwenyewe mdomo umefungwa, angebwekaje? Na Deo akapewa kiti.

Hayo nilisimuliwa baadaye na hao hao waliokuwepo. Wakati yanatokea, mie na Shomari tulikuwa bandani tunamsubiri mbwa. Shomari alishasonga ugali, keshajaza bakuli maji, keshafagia. Akakaa. Akasimama. Akaenda barabarani, akarudi. Akamwaga yale maji, akajaza mengine ya baridi. Akapiga simu, inaita tu, haipokelewi.

"Labda foleni," nikamwambia.

"Foleni ya wapi huku, Allen? Ya mbuzi?"

Akapiga tena. Akalishika bati la banda kwa kiganja, akautoa mkono haraka. Bati lilikuwa linaunguza. Akaniangalia. Sijawahi kumuona Shomari na macho yale.

"Kaenda nae msibani," akasema. "Washa pikipiki."

Ile barabara ya kushuka Madale ina mashimo utadhani imepigwa mabomu. Sikukwepa hata moja. Tukafika, tukaona turubai, wamama, masufuria, na pembeni magari yamepangwa juani kama mabati yanayouzwa. Kigari cheusi cha nne kutoka mwanzo. Shomari akaruka pikipiki haijasimama.

Kioo cha dereva kilikuwa kimeachwa wazi, ufa wa kupitisha kidole. Kidole! Deo baadaye alikuwa anautaja ule ufa kama msamaha wake. "Niliacha kioo wazi." Ulimwachia hewa ya mjusi, braza, sio ya mbwa.

Shomari akabandika uso kwenye tinti, akaziba mwanga kwa mikono. Nikabandika na mie. Ndani kioo kilikuwa kimelowa, matone yanateremka, na kuna michoro ya kucha kutoka juu mpaka chini. Chuma alikuwa amelala ubavu. Kifua kinakwenda mbio, mbio ambazo sijawahi kuona kwa kiumbe. Povu limejaa ndani ya kile kikapu, linavuja.

"Chuma! Chuma, niko hapa!"

Sikio lile lililosimama likatikisika. Basi.

Milango imefungwa. Shomari akakimbilia getini. Na getini, Bi Tunu yuko kazini kwake, kofia ya marehemu kichwani.

"Wewe nae! Mlinzi wa nani? Hupiti!"

"Shikamoo, mama. Kuna mbwa kwenye gari lile jeusi. Anakufa. Naomba funguo."

"Mbwa? Na wewe mtoto wa wapi?"

"Kunduchi, mama, naomba..."

"Kabila?"

"Mzaramo, ila mama..."

Bi Tunu akageukia watu, mikono juu. "Mzaramo mwenzangu kaja! Tena huyu kaja na staili mpya, analilia mbwa! Wanyamwezi mmeisha leo! Haya baba, lia vizuri, wakusikie mpaka nyuma!"

Uwanja mzima ukacheka. Shomari akasema, "Wallahi mama, sitanii." Wakacheka zaidi. Machozi yakaanza kumtoka, machozi ya kweli, kamasi na vyote. Kuna mzee alikuwa anajipiga mapaja, anasema, "Huyu kijana ana kipaji! Mpeni soda!" Wallahi wakampa soda. Kijana wa watu kasimama pale, mkononi soda baridi, mbwa wake anaiva garini, na kadiri anavyolia ndivyo wanavyoshangilia.

Mie nikaanza kutukana. Kosa. Nilivyotukana ndio kabisa, wakajua na mie mtani.

Shomari akamuona Deo kule ndani, kwenye viti vya wanaume, mkono una mafuta ya pilau.

"Afande! Chuma anakufa!"

Deo akasimama. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Deo alikuwa anajua kama Shomari hatanii. Yeye peke yake pale uwanjani alikuwa anajua ndani ya gari kuna mbwa. Nilimuona usoni, rangi ilimtoka. Angepiga kelele moja tu, "Mama, toa funguo!" na yote yangeisha. Lakini mbele ya wakwe, mbele ya mashangazi, Mnyamwezi ampandishie mtani sauti msibani? Akanyoosha mkono kwa adabu, akatabasamu.

"Mtani, basi bwana. Mpe kijana funguo."

"Toa faini kwanza!"

"Nitatoa, mtani. Mpe tu, ana haraka."

"Mwone anavyobembeleza! Kaa chini, Mnyamwezi, pilau linapoa!"

Na Deo akacheka. Yaani alicheka! Nimeona watu wanaiba, nimeona watu wanachoma mwizi moto, ila kile kicheko sitakisahau. Kilikuwa cha adabu mno.

Shomari akaweka soda chini. Taratibu, asiimwage. Akafuta uso kwa mkono wa shati. Akaenda pale wanapopikia. Kulikuwa na jiwe moja la jiko la jana, halijawashwa, akalinyanyua kwa mikono miwili, akatembea nalo mpaka kwenye gari. Kicheko kikaanza kupungua. Mtu akasema, "We kijana, utani una mpaka." Vijana wa msiba wakaanza kumfuata, na mie nikasimama katikati na helmeti mkononi, nikawaambia anayetaka meno yake yamfuate mzee makaburini asogee.

Jiwe likaingia.

Halafu ile hewa ikatoka mle ndani, ya moto, ina harufu ya mkojo na manyoya, ikatupiga usoni kama umefunua sufuria. Shomari akapitisha mkono, akafungua, akamvuta Chuma mpaka chini. Akakata mkanda wa kikapu kwa kipande cha kioo, akajikata na yeye. Ulimi ukaanguka nje. Haukuwa mwekundu tena, ulikuwa kama nyama ya juzi.

"Maji!"

Hakuna aliyesogea. Mzee wa mapaja akasema kwa sauti ndogo, "Yale maji ni ya wageni kunawa." Nikamuangalia.

Aliyekimbia alikuwa Bi Tunu. Kofia ya marehemu ikadondoka huko, ndoo ya maji kichwani, khanga imelowa, funguo zinagonga gonga kwenye pindo. "Jamani ni mbwa kweli! Jamani ni mbwa wa kweli!" Akammwagia Chuma maji tumboni, kwapani, kwenye nyayo, pale Shomari alipomuonyesha. Halafu akavua khanga ya juu akaanza kumpepea. Mama wa Kiislamu, mtu mzima, kapiga magoti kwenye matope na mate ya mbwa, anapepea, analia, anasema, "Nisamehe baba, nilijua unatania. Nilijua unatania, baba yangu."

Shomari alikuwa ameshika kichwa cha Chuma, anamwambia maneno yake ya kule lindoni. "Tulia. Tulia, mzee. Zamu imeisha."

Na Chuma akaamka! Akayumba kama mlevi wa komoni, akaanguka, akaamka tena, akanywa maji kidogo, akatapika, akatikisa mkia mara moja. Uwanja ukapiga makofi. Wale wale. Na Afande Deo, mbio mbio, mkono bado una pilau, "Si mnaona? Mzima! Mbwa wa kazi yule, chuma kweli kweli. Sasa Shomari, kioo ndio nini?"

Nilimkaba. Sitasema uongo. Wakatutenganisha.

Shomari akasema, "Nampeleka kwa daktari."

"Daktari wa nini, na mbwa kasimama?"

Tukampandisha kwenye pikipiki, Chuma katikati yetu, Shomari kamkumbatia mzima mzima, manyoya, mate, kila kitu. Tukaenda mpaka kwa daktari wa mifugo, Tegeta, dada mmoja Mhaya anaitwa Dk. Kokuberwa. Akampima, akamtundikia dripu, akatuambia ukweli bila kuupaka sukari. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sie. Kiyoyozi chake ni domo wazi na ulimi nje. Ukimfunga domo na ukamfungia garini, umemzima kiyoyozi na kumuwasha jiko. Gari likikaa juani, hata kabla hujamaliza kunawa mikono, ndani kumeshakuwa tanuri. Kivuli kinahama, ufa wa kioo hausaidii kitu. Na kusimama kwake kusitudanganye, akasema, kwa sababu figo na ini na utumbo vinakuwa vimeshapikwa, na hivyo havionekani kwa nje. Kama tungemleta moja kwa moja bila yale mabishano labda angekuwa na nafasi nzuri. Akasema "labda", sio mie.

Shomari akalala pale pale sakafuni kwa daktari, kidevu cha Chuma kwenye buti lake. Asubuhi Chuma akaanza kutoa damu nyuma. Kabla jua halijapanda akawa ameondoka.

Tulimzika nyuma ya banda, pale juu kilimani. Shomari alichimba mwenyewe, hakutaka nimsaidie, nikabaki nimeshika beleshi kama mjinga. Ofisi haikuleta mtu. Alikuja Deo peke yake, kwa miguu, kofia mkononi, akasimama mbali kidogo na shimo. Hata maiti ya mbwa anaiogopa.

Halafu tukamuona Bi Tunu anapanda kile kilima, anahema, na wamama wengine wa Kizaramo nyuma yake. Nikajua sasa vurugu. Mnyamwezi kasimama, kaburi lipo, sepetu ipo. Wakimkuta Deo pale na sura ile watamchezea mpaka achanganyikiwe, na nitakuambia kitu, Deo mwenyewe alikuwa anaomba iwe hivyo. Niliona. Alinyoosha mabega, akaweka kile kitabasamu tayari. Utani ungemuokoa. Angetaniwa, angetoa faini, angecheka, yangekwisha, maana ndio kazi ya utani, kumtoa mtu kwenye uzito.

Bi Tunu akampita. Hakumtazama hata viatu. Akaenda akakaa chini kwenye udongo, karibu na Shomari, akamshika mkono ule wenye jeraha la kioo, akanyamaza. Wenzake wakakaa. Deo akangoja. Akakohoa. Akasema, "Mtani..."

Hakuna aliyeitika.

Akasimama pale mpaka kitabasamu kikamtoka chenyewe, halafu akavaa kofia, akashuka kilima.

Shomari bado yuko kwenye kampuni ile. Wamempa mbwa mwingine, mdogo, anaitwa Boli. Hamfungi kikapu, na hapandi boda tena. Kama gari halina nafasi ya mtu, anatembea na mbwa wake kwa miguu, waache wamwandike mchelewaji. Bi Salma hahesabu tena vikombe vya maji.

Sasa wewe unayesoma. Sitaki pole yako. Unamjua mtu anayeendesha gari la mbwa wa ulinzi, au mbwa wa polisi, au shemeji yako anayebeba mbwa wake kwenda nae sokoni. Kila mtu anamjua mmoja. Toa simu. Mpigie sasa hivi, usimtumie meseji. Muulize mbwa yuko wapi. Akikujibu "yuko garini, nakuja mara moja," mwambie amtoe wewe ukiwa bado hewani, na usikate mpaka umsikie mbwa anahema nje.